Kiambishi Kinachotunza Siri: Msomaji wa Lubumbashi na Mwanamke Aliyejigeuza

Kisa cha mwanamke anayevaa mavazi ya kiume na kupita katikati ya watu bila kutambuliwa ni cha kale katika fasihi ya walimwengu. Katika Alfu Lela u Lela, Zumurrudi anaketi katika kiti cha ufalme na kuhukumu watu, ilhali hapana hata mmoja barazani ajuaye kwamba mfalme wao ni mwanamke. Katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius K. Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969, Portia anaingia mahakamani akiwa amejifanya mwanasheria kijana. Nao waandishi wa riwaya za kihistoria wamekipenda kisa hiki kwa sababu iliyo wazi: zama wanazozisimulia zilimfungia mwanamke milango mingi, na joho la kiume ndilo ufunguo ulio karibu zaidi na mkono wa mwandishi.

Makala haya hayakusudii kueleza historia ya kisa hicho. Yanakusudia kutazama jambo moja linalomhusu msomaji wa Kiswahili, na hasa msomaji wa Lubumbashi, ambaye aghalabu huisoma riwaya ya namna hii kwa Kifaransa na kuisimulia kwa wenzake kwa Kiswahili. Msomaji huyo anapohama kutoka lugha moja kwenda nyingine, siri ya mwanamke aliyejigeuza haibaki mahali pale pale. Kwa Kifaransa, msimulizi hana budi kuamua katika kila sentensi kama mtu wake ataitwa il au elle. Kwa Kiswahili halazimiki kuamua lolote: alikuja, aliketi, alicheka, akaondoka.

Jambo hilo linajulikana na kila mwanafunzi wa isimu, na pengine kwa kujulikana mno halitazamwi tena. Kiambishi nafsi a- hakitofautishi mwanamume na mwanamke, wala kiwakilishi yeye, wala -m- ya mtendwa, wala kimilikishi -ake. Ngeli ya kwanza na ya pili huwapatanisha watu wote pamoja, na wanyama vilevile. Lugha nyingi zilizokutana mjini Lubumbashi tangu mji huo ulipoasisiwa mwaka 1910 ukiitwa Elisabethville, mathalani Kiluba, Kibemba na Kisanga, zinakwenda kwa kanuni hiyo hiyo. Kwa hiyo mtoto wa Katuba au wa komini ya Kenya anayeingia shuleni hukutana na jinsi ya kisarufi kwa mara ya kwanza katika Kifaransa, na mojawapo ya makosa ya kwanza anayochekewa ni kumtaja mama yake kwa il. Kicheko hicho kina athari. Wapo waliomaliza shule na kufika chuo kikuu wakiamini kwamba Kiswahili kina upungufu mahali hapo, kwamba ni lugha ya soko na ya kiwanda isiyoweza kubeba riwaya nzito kwa sababu haiwezi hata kutenganisha mume na mke. Imani hiyo inafaa kupimwa kwa matini, na hakuna matini yaliyo bora kwa kipimo hicho kuliko yale ambayo ndani yake kutenganisha mume na mke ndiko kunakoleta hatari.

Mfano ulio karibu na Waswahili si wa kubuni. Mwaka 1886 ilichapishwa mjini Berlin kwa Kijerumani kumbukumbu ya Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, ambaye Wazungu walimjua kwa jina la Emily Ruete. Miongoni mwa sura zinazosomwa kwa shauku kubwa ni ile ya uasi wa mwaka 1859. Baada ya Sultani Said kufariki mwaka 1856, Majid alishika utawala wa Unguja, na ndugu yake Barghash akaukataa. Salme, msichana wa miaka 15, aliingizwa katika njama kwa sababu moja ambayo yenyewe inastahili kukumbukwa: alijua kuandika. Alikuwa amejifundisha kwa siri, akiiga herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Waasi walihitaji mtu wa kuandika barua, na kalamu ya binti huyo ikawa yao.

Nyumba ya Barghash ilipozingirwa na askari wa Majid, ndugu zake wa kike, Khole na Meje wakiwa mbele pamoja na Salme, waliifuata usiku wakiwa na kundi la wanawake. Walipata ruhusa ya kuingia. Ndani, Barghash alivikwa nguo za kike. Kwa mujibu wa kumbukumbu hiyo, kiburi chake kilikataa kwanza, lakini hatimaye akafunikwa shele hadi yakabaki macho tu, akapangwa katikati ya wanawake warefu ili kimo chake kisishtue mtu, na msafara ukatoka mbele ya askari wale wale waliowekwa kumzuia. Kutoka hapo alikwenda kwenye shamba lililoitwa Marseille, ambako uasi wake ulivunjwa kwa msaada wa Waingereza. Alipelekwa Bombay, akarudi, na tangu mwaka 1870 hadi 1888 alikuwa Sultani wa Zanzibar. Mtu ambaye historia inamkumbuka kwa kujenga Beit al-Ajaib alipita usiku mmoja chini ya ushungi wa kike.

Inaweza kusemwa kwamba hapa aliyejigeuza ni mwanamume. Ni kweli, na ndiyo faida ya mfano huu: unaonyesha kwamba tatizo la msimulizi ni moja, liwe vazi limevaliwa na nani. Msimulizi wa Kijerumani hana budi kuendelea kumtaja Barghash kwa kiwakilishi cha kiume huku askari wakimwona mwanamke. Msomaji anasimama upande wa wajuao, askari upande wa wasiojua, na sarufi ni ukuta kati yao. Tukio hilo hilo likisimuliwa kwa Kiswahili, ukuta unaondoka. “Walitoka mmoja mmoja. Aliyekuwa katikati hakugeuza kichwa. Alipofika mlangoni aliinamisha macho, akapita.” Sentensi hizi hazina uongo hata mmoja, na askari aliyesimama mlangoni angeweza kuzitamka mwenyewe usiku ule. Msomaji anajua, lakini lugha haimkumbushi. Kwa muda wa hatua tatu au nne anaona kile ambacho askari anaona, kisha moyo wake unamrudisha. Hofu ya namna hiyo haitoki katika tafsiri ya Kifaransa ya sura ile ile.

Kuna neno moja katika sura hiyo ambalo linamtatiza msomaji wa Lubumbashi kwa namna isiyomtatiza msomaji wa Unguja. Mabinti wa Sultani huitwa Bibi Khole, Bibi Meje, Bibi Salme. Pwani, bibi ni neno la heshima kwa mwanamke wa daraja, na pia ni nyanya. Lubumbashi, bibi ni mke: bibi yangu, bibi ya fulani. Msomaji wa Katanga anapokutana na Bibi Khole, swali linalomjia kabla hajalizuia ni: bibi wa nani? Anamtafuta mume ambaye hayumo katika kisa. Mara nyingine hukosea hata uzito wa tendo lenyewe, akidhani ni wake za watu waliokwenda kumwokoa shemeji, kumbe ni dada waliohatarisha nafasi yao katika nyumba ya kaka mmoja kwa ajili ya kaka mwingine. Salme mwenyewe alilipa gharama ya usiku ule, kwani baadaye alipatana na Majid na kwa sababu hiyo akafarakana na ndugu wa upande wa Barghash. Neno bibi likieleweka kwa maana ya Lubumbashi, nusu ya uchungu huo inapotea. Walimu wanaosomesha matini ya pwani mjini hapa wangefanya vyema kulieleza neno hili kabla ya kusoma ukurasa wa kwanza, badala ya kulisubiri hadi mtihani.

Hapa tayari inaonekana kwamba si kweli kuwa Kiswahili hakitenganishi mume na mke. Kinawatenganisha, lakini mahali pengine. Hakiwatenganishi katika upatanisho wa kisarufi. Kinawatenganisha katika majina ya ujamaa, katika namna ya kuitana, katika bin na binti, katika mavazi, na katika kitenzi kimoja ambacho makala haya yatakirudia. Mwandishi wa Kifaransa anayetaka kuficha jinsi ya mtu wake analinda mlango wa kila sentensi. Mwandishi wa Kiswahili analinda milango michache, lakini kila mmoja ni mzito.

Wifi, kwa mfano. Katika Kiswahili cha pwani, mwanamke humwita wifi dada wa mumewe au mke wa kaka yake. Neno hilo halimtaji aitwaye peke yake. Linamtaja pia aitaye. Mwanamume hana wifi, ana shemeji. Kwa hiyo mwanamke aliyejigeuza mwanamume, akiwa mezani na watu, akaponyokwa na neno wifi, amejivua kilemba kwa silabi mbili. Shemeji, kwa upande mwingine, ni kichaka kizuri cha kujificha: halisemi aitaye ni nani wala aitwaye ni nani. Ndugu ni hivyo hivyo. Riwaya ya kihistoria ya Kiswahili inaweza kujenga mashaka yake yote juu ya uchaguzi wa maneno hayo, jambo ambalo Kifaransa hakiwezi kulifanya kwa urahisi, kwa maana beau-frère na belle-sœur yamekwisha kusema kila kitu.

Kiswahili cha Lubumbashi kina vichaka vyake. Yaya, kwa mwenyeji wa mji huu, ni mkubwa wa kuzaliwa, awe mwanamume au mwanamke. Msimulizi wa Katanga anaweza kumfanya mtoto mdogo amwite mgeni yaya kutoka mwanzo wa kitabu hadi mwisho bila kufunua lolote. Ajabu ni kwamba neno hilo hilo likifika Dar es Salaam au Mombasa linafunua, tena linafunua uongo, kwa sababu huko yaya ni mlezi wa watoto wa nyumba ya watu, na msomaji atamfikiria mwanamke mara moja. Kitabu kimoja, neno moja, na siri imefichwa mjini huku na kufichuliwa pwani kule. Katika uhariri wa maandishi ya Katanga kwa ajili ya wasomaji wa Afrika Mashariki, maneno ya namna hii ndiyo yanayohitaji mkono mwepesi, kuliko ba- ya batu ambayo wahariri huikimbilia kwanza na ambayo haimdanganyi mtu yeyote.

Majina ya watu nayo yanasaidia. Miongoni mwa Waluba wa Katanga pacha wa kwanza huitwa Kyungu na wa pili Kabange. Kwa Waluba wa Kasai ni Mbuyi na Kabanga. Na majina hayo yanafuata mpangilio wa kuzaliwa, si jinsi ya mtoto. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu ulipopiga marufuku majina ya Kikristo kwa jina la uhalisi wa Kizaire, akina Jean na akina Marie walitoweka katika orodha za shule na za kazi, na kwa miaka mingi, hadi mwaka 1990 kanuni hiyo ilipolegezwa, mtu aliyesoma orodha ya majina aliweza kukaa na Kyungu au Mbuyi wengi bila kujua ni wangapi waliokuwa wanawake. Kwa kejeli ya historia, utawala huo huo uliamuru watu waitane citoyen na citoyenne, yaani ulilirudisha kwa Kifaransa lile ambalo majina ya nyumbani yalilinyamazia. Mwandishi anayetafuta mandhari ya riwaya kuhusu mtu aliyejificha hahitaji kwenda mbali sana.

Anaweza pia kurudi nyuma zaidi. Katika karne ya 19 misafara ilikwenda na kurudi kati ya pwani na Bunkeya, mji mkuu wa Msiri, mfalme wa Bayeke mwenye asili ya Unyamwezi, aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891 na Kapteni Bodson wa msafara wa Stairs. Shaba, pembe na watumwa vilipita katika njia hizo. Na ichukuliwe sentensi hii, iliyotungwa kwa ajili ya mfano tu: “Mpagazi alitua mzigo wake chini ya mti, akajifunga kilemba upya, akaomba maji. Walipomwuliza anatoka wapi, alionyesha upande wa ziwa. Alfajiri alikuwa wa kwanza kuamka.” Msomaji karibu kila mara humwona mwanamume. Hakuna kilichomwambia hivyo. Mpagazi ni neno la ngeli ya kwanza tu, kama mkulima au msomaji. Tena wanawake walikuwamo katika misafara kwa wingi, wakibeba vyungu, chakula na watoto. Ikiwa baada ya kurasa mia moja itabainika kwamba mpagazi huyu ni mwanamke, msomaji atarudi mwanzo kutafuta mahali alipodanganywa, na hatapapata. Aliyemvika mpagazi ndevu ni yeye mwenyewe.

Huo ndio mwitiko ambao riwaya ya Kiswahili inaweza kuuamsha, na ambao riwaya ya Kifaransa huupata kwa hila nyingi au haiupati kabisa. Msomaji wa Kifaransa akidanganywa na il, ana haki ya kumlaumu mwandishi. Msomaji wa Kiswahili hana wa kumlaumu. Kile kinachoitwa upungufu wa lugha kinamgeuzia msomaji swali: kwa nini ulidhani?

Tamthilia haina fursa hiyo, na ndiyo sababu Mabepari wa Venisi, pamoja na umaarufu wake, si mfano ulio bora kwa hoja hii. Katika kitabu kilichochapishwa jina la Portia linaandikwa mbele ya kila maneno anayoyasema hata akiwa mahakamani, na jukwaani hadhira imekwisha kumwona akiwa Belmont kabla hajavaa joho. Siri ni ya Bassanio na ya mahakama peke yao. Hata hivyo kuna jambo la kuangalia katika kisa cha pete. Bassanio, aliyempa mwanasheria pete ya mkewe, anaapa kwamba hakumpa mwanamke yeyote. Kiapo hicho hakisimami juu ya kiwakilishi bali juu ya nomino, na nomino Kiswahili kinayo: mwanamke. Mzaha wote unahamia katika neno hilo moja na haupungui. Inafaa kutaja pia kwamba Yesika, binti Shailoki, anatoroka usiku akiwa amevaa kama mvulana, na kwamba anaona haya kwa mavazi hayo. Wasomaji wengi humkumbuka Portia na kumsahau yeye, ingawa ndiye anayepoteza zaidi, kwa kuwa haurudi tena mlango wa nyumbani kwao.

Riwaya inayolipeleka suala hili hadi ukingoni ni L'Enfant de sable ya Tahar Ben Jelloun, mwandishi wa Moroko, iliyotoka mwaka 1985 na kufuatwa na La Nuit sacrée, ambayo ilipata tuzo ya Goncourt mwaka 1987. Mambo yanatendeka Moroko ya zama zilizopita, chini ya utawala wa Ufaransa. Baba mwenye mabinti saba anaamua kwamba mtoto wa nane atakuwa mwanamume, azaliwe vyovyote atakavyozaliwa. Anazaliwa msichana; anaitwa Ahmed; analelewa kama mrithi. Hapa kujigeuza si hila ya usiku mmoja kama ya Barghash, wala ya kesi moja kama ya Portia. Ni maisha, na hayakuchaguliwa na ayaishiye.

Kisa kinasimuliwa na mtambaji hadithi mbele ya watu waliomzunguka uwanjani. Naye anapotoweka, wasikilizaji hawakubali kisa kife. Salem, Amar na Fatouma wanakimalizia, kila mmoja kwa namna yake, na mwanamke mzee Fatouma anakisimulia kana kwamba ni maisha yake mwenyewe. Kwa maneno mengine, riwaya hiyo imebeba ndani yake miitiko ya wasomaji wake. Kila anayekimalizia anajifichua. Wanaume wanampa Ahmed mwisho wa aibu au wa jeuri kadiri ya mioyo yao. Mwanamke anadai nafasi ya kusema kwa nafsi ya kwanza. Msomaji wa Lubumbashi, aliyezoea kuona kisa kikipokelewa na kurekebishwa na wanaokisikiliza, kama inavyotokea katika michezo ya kundi la Mufwankolo ambayo hutungwa kwa kusemezana na haifuati maandishi, haoni mbinu ngeni hapo. Huenda anaiona kwa urahisi zaidi kuliko mhakiki wa Paris.

Lakini hapa pia Kiswahili kinapungukiwa, na si haki kulinyamazia hilo. Ahmed anapoanza kuelekea kuwa Zahra, Kifaransa kinaweza kuhama kutoka il hadi elle, na kuhama huko ni tukio. Herufi chache zinabeba kile ambacho kingehitaji ukurasa. Hata katika nafsi ya kwanza, pale Ahmed anapoandika barua na kumbukumbu zake, kivumishi cha Kifaransa kinamlazimisha kuchagua mwisho wa kiume au wa kike, na kalamu inayositasita mahali hapo inaonekana. Kiswahili hakina mahali pa kusitasita. Nimechoka ni nimechoka. Mfasiri atakayekitia kitabu hiki katika Kiswahili hawezi kuhamisha kiwakilishi. Atalazimika kuhamisha jambo jingine, na jambo lililo karibu ni namna ya kuitana. Anaweza kuchagua sentensi ambamo kwa mara ya kwanza mtu anamwita mhusika mama, kwa maana pana ya Lubumbashi ambamo kila mwanamke anayeheshimiwa ni mama, hata asiyezaa. Neno hilo likizuiwa kwa uangalifu katika kurasa zote zilizotangulia, likatokea mara moja tu mahali pake, litashtua kuliko elle.

Ugumu mkubwa zaidi unabaki katika ndoa. Ahmed anashikilia kumwoa Fatima, binamu yake, msichana mwenye ulemavu wa mguu na kifafa, ambaye familia haimpi thamani yoyote. Fatima anaijua siri. Kwa Kifaransa kitenzi cha ndoa hakimsaliti mtu, kwa kuwa mwanamume na mwanamke hutumia kile kile. Kwa Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa zimegawiwa kwa jinsi, pwani na Katanga vilevile. Lugha iliyonyamaza kimya tangu kuzaliwa kwa Ahmed inaitwa sasa kutoa ushahidi. Mfasiri akiandika “Ahmed alimwoa Fatima”, amekubaliana na baba, na sarufi ya Kiswahili imetamka uongo ambao il ilikuwa ikiutamka katika kila ukurasa. Akiandika kwamba Ahmed aliolewa, amevunja siri na tena amekosea kisa, maana hakuna mume.

Iko kauli ya tatu. Walioana. Katika kauli ya kutendana hakuna atendaye wala atendwaye. Wapo wawili, na kitenzi hakiulizi ni nani kati yao aliyevaa kilemba. Kauli hiyo haimfai baba, ambaye angetaka kusikia kwamba mwanawe ameoa, wala wageni wa arusi. Katika maneno yao mfasiri aweke kuoa bila kusita. Lakini chumbani, pale Fatima anapomwonyesha Ahmed kwamba amejua tangu zamani, na wawili hao, kila mmoja akiwa ametupwa kando kwa sababu ya mwili aliozaliwa nao, wanabaki peke yao, walioana ndilo neno ambalo Kiswahili kinalo na ambalo Kifaransa cha Ben Jelloun hakikuweza kulitenga na mengine.